Tunda Lisiwe Dawa: Mwongozo Kamili wa Kumzoesha Mtoto Kupenda Matunda

Simama nje ya hospitali yoyote hapa Moshi saa ya kuona wagonjwa. Karibu kila anayeingia ameshika mfuko wa machungwa, chane ya ndizi mbivu au tikiti. Ni desturi njema na mimi mwenyewe naifuata. Ila kuna mtoto pembeni anatutazama, na anachojifunza ni kwamba matunda hununuliwa mtu akiugua. Akirudi nyumbani anasikia "kula papai upate choo" na "nyonya chungwa mafua yaishe". Soda na keki anazikuta kwenye ubatizo, kipaimara na harusi, watu wamevaa vizuri na wanacheka. Kisha tunashangaa akikunja uso mbele ya papai.

Nililielewa hili kwa kuchelewa. Kijana wangu wa kwanza akiwa na miaka miwili na nusu alikaa siku tatu bila kupata choo. Nilimbana katikati ya magoti, nikamshika mikono, nikamlisha papai kijiko kwa kijiko huku analia. Alimeza, akatapika. Tangu siku hiyo harufu tu ya papai ilikuwa inamtoa jikoni. Ilinichukua karibu miaka miwili kulirudisha papai kwenye mdomo wake, na nitaeleza nilivyofanya. Mdogo wake sikumlazimisha hata siku moja, na yeye ndiye anayepanda kiti kufuata embe lililo juu ya kabati.

Mwongozo huu ni kwa mtoto wa miezi sita hadi yule wa darasa la tatu au la nne. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hasa zile mbili za mwanzo. Ukiziruka, hata ukikata nanasi kwa umbo la nyota halitasaidia.

Hatua ya kwanza: Tunda liwe na saa yake, na wakubwa wale

Jiangalie kwa wiki moja. Wengi wetu tunamenya, tunawagawia watoto, kisha tunarudi kwenye chai na chapati yetu. Mtoto anaona sahani mbili: ya wakubwa, na ile ya kitu ambacho wakubwa wenyewe hawakigusi. Mtoto mdogo hula kwa kuiga, kwa hiyo anayeanza ni wewe.

Chagua saa mbili za siku. Kwetu ni saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwa sababu ziko mbali na milo na mtoto anakuwa na njaa kidogo. Nusu saa kabla yake usimpe maziwa wala chai, maana tumbo lililojaa chai ya maziwa halina nafasi ya embe. Biskuti nazo zisiwepo mezani saa hiyo. Keti naye mkekani, sahani moja katikati, mikono imenawa, nawe ule. Dakika kumi na tano zinatosha. Akila, vizuri. Asipokula, ondoa sahani bila neno na subiri saa inayofuata.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitaja angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Hizo ni za mboga na matunda pamoja. Huhitaji mzani jikoni. Kipimo cha mara moja ni kiasi kinachojaa kiganja cha mtoto mwenyewe, wala si chako. Kwa mtoto wa miaka mitatu, ndizi kisukari moja asubuhi na vipande vichache vya papai jioni, pamoja na mchicha wa mchana na usiku, ni mwendo mzuri.

Hatua ya pili: Badilisha maneno yako

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Gawaneni kazi. Mzazi anaamua tunda gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Ukiingia kwenye kazi yake mtagombana kila siku, na atashinda yeye, kwa sababu mdomo ni wake.

Ukimwambia "maliza embe nikupe biskuti", anachosikia ni kwamba embe ni kazi na biskuti ndiyo mshahara. Utakuwa umemfundisha kupenda biskuti zaidi ya jana. Ukimwambia "mwenzio anakula, wewe unashindwa nini", utampa sababu ya kumchukia mwenzake na tunda kwa pamoja. Hata kupiga makofi kila akionja kunamshitua mtoto mwenye haya. Anahisi macho yote yako kwake na anafunga mdomo.

Sema kuhusu tunda lenyewe. "Hili lina maji mengi, la jana lilikuwa na nyuzi." "Nusa hapa karibu na kikonyo." "Lina ugwadu kidogo, ulimi wangu umeshituka." Sentensi iliyonisaidia kuliko zote ni hii: "Ukionja ukaona hulitaki, tema humu." Weka bakuli dogo la kutemea mezani. Mtoto akijua kuna mlango wa kutokea, haogopi kuingia.

Ujue pia kwamba kati ya miaka miwili na sita watoto wengi huogopa chakula kigeni. Ni sehemu ya kukua, na usiite jeuri. Tunda jipya huenda likahitaji kuonekana na kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla halijakubalika. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Kuligusa, kulinusa na kulilamba pia kunahesabika. Weka kipande kidogo kama punje ya hindi pembeni mwa kitu anachokipenda, pumzika siku mbili, kisha weka tena.

Papai la kijana wangu lilirudi hivi. Kwanza nililila mwenyewe, kwenye sahani yangu, upande wa pili wa mkeka. Sikumwita. Baada ya wiki kadhaa nilimpa kazi: nililikata papai kwa urefu, nikampa kijiko, nikamwambia atoe zile mbegu nyeusi awapelekee kuku. Zilikuwa zinateleza kijikoni, zinaruka, naye anacheka na kuziokota. Vidole vilijaa utelezi wa papai, na siku ya tatu au ya nne ya kazi hiyo nilimwona anavilamba akidhani simwoni. Niliendelea kupepeta mchele. Mwezi uliofuata aliomba alikamulie ndimu kama alivyoniona nikifanya, na kipande hicho cha papai chenye ndimu ndicho alichokula.

Hatua ya tatu: Mpeleke sokoni

Watoto wa Moshi wana bahati ambayo hatuitumii. Alfajiri akina mama wanashuka na mikungu kutoka Marangu, Mwika, Kibosho na Uru; matikiti na mapapai yanapanda kutoka tambarare zenye joto. Vyote vinakutana Mbuyuni na Soko la Kati, na siku ya gulio Kiboriloni pia. Parachichi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, huwa linaanguka mpaka nguruwe wanashiba. Halafu mtoto wa nyumba hiyohiyo anakwenda shule na pakiti ya krispi.

Nenda naye Jumamosi, asubuhi kabla ya jua kali, ukiwa huna haraka. Mwache achague tunda moja, lake, kwa mkono wake. Amsalimie muuzaji. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo unataka lipi?" Mtoto akiulizwa hivyo na mtu mzima anajiona mteja kweli, na akifika nyumbani atataka kuona alichonunua kina nini ndani.

Mfundishe kuchagua kwa pua, masikio na vidole. Embe na nanasi hunuswa: nanasi linuse upande wa chini, penye kitako, na likinukia utamu liko tayari. Tikiti lina doa pale lilipolalia ardhi; doa la manjano linaonyesha lilikomaa shambani, jeupe linaonyesha lilichumwa mapema. Parachichi libonyezwe taratibu karibu na kikonyo, lisiminywe tumboni likachubuka. Chungwa zuri ni zito kuliko linavyoonekana. Ndizi ya mtoto nachagua kisukari, kwa sababu ni fupi, inamtosha mkononi na anaimaliza. Mtwike ni ndefu. Atakula nusu, iliyobaki itakuwa nyeusi na utamgombeza bure. Mshare wa mtori mwonyeshe pia, ajue kuna ndizi ya kupika na ndizi ya kumenya.

Nunua kinachojaa sokoni wakati huo. Maembe hufurika kuanzia Novemba hadi Februari, machungwa ya Tanga hujaa katikati ya mwaka, na ndizi na papai vipo mwaka mzima. Tunda la msimu ndilo la bei nafuu na ndilo lililoivia mtini. Mtoto akionja embe la nje ya msimu, kali na lenye nyuzi, atadhani ndivyo embe lilivyo.

Ukinunua parachichi au embe gumu, liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ufunge. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huharakisha kuiva kwa jirani zake. Mfanye mtoto awe mlinzi wa mfuko: kila asubuhi aufungue, anuse, abonyeze, akupe habari.

Hatua ya nne: Osha, menya, kata kwa umri wake

Osha kila tunda kwa maji safi yanayotiririka, hata lile utakalolimenya. Tikiti lililotoka shambani na udongo wake likikatwa bila kuoshwa, kisu kinapitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Kisu na kibao kilichokatia nyama vioshwe kwa sabuni kwanza. Vipande vya tikiti na nanasi vilivyokwisha kukatwa na kuachwa wazi barabarani mimi simpi mtoto, nanunua zima.

Miezi sita hadi minane. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, na mama anayenyonyesha akila matunda, ladha zake hupita kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto ameshaanza kuyazoea. Akifika miezi sita, ponda kwa uma ndizi iliyoiva vizuri, papai au parachichi. Tunda moja kwa siku mbili tatu kabla ya kuongeza jingine, ili ukiona vipele au kuharisha ujue kimetoka wapi. Usiongeze sukari, na asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Miezi minane hadi mwaka. Anaweza kushika. Mkatie papai, embe laini au parachichi kwa vipande virefu vya unene wa kidole chako. Vikiteleza, viringishe kwenye unga wa uji uliokaangwa. Mwache ajipake usoni na kifuani. Mvulie nguo nzuri, tandika khanga ya zamani, umalize kelele za kufua.

Mwaka mmoja hadi mitano. Karibu kila tunda sasa linafaa, ila ukataji ndio unaolinda maisha. Chochote cha mviringo na kinachoteleza kinaweza kuziba koo. Zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Zambarau zitolewe kokwa. Fenesi litolewe mbegu na likatwe dogo. Stafeli na topetope ziondolewe mbegu zote, kwani mbegu zake zina sumu. Tufaa bichi ni gumu. Mkwangulie, au lichemshe kidogo. Mapera ya mtoto mdogo toa mbegu za katikati kwa kijiko.

Ale ameketi. Asile anakimbia, asile amelala, asile kwenye bodaboda. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele umpige makofi matano ya nguvu mgongoni katikati ya mabega. Kama hakijatoka, na ana zaidi ya mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, mbonyeze kwa ndani na juu mara tano, kisha rudia makofi. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige makofi matano, kisha mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona. Mwenzako awe anatafuta usafiri wa hospitali wakati huohuo.

Hatua ya tano: Tunda moja, sura nyingi

Mara nyingi mtoto hakatai ladha. Anakataa utando, nyuzi, utelezi au ubaridi. Chunguza anakataa nini.

Binti yangu alikuwa hataki chungwa. Kila nikimpa kipande anatafuna, anatafuna, mwishowe anatema kile kingozi. Siku moja stendi muuza machungwa alimmenyea moja kama wanavyowamenyea abiria: kisu kinazunguka, ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu, chungwa linabaki na koti lake jeupe, kisha anakata kikofia juu. Binti alilishika kwa mikono miwili, akaminya, akanyonya, maji yakamshuka mpaka kwenye viwiko. Alinyonya mpaka likawa bapa, kisha akalipasua kuona kilichobaki. Shida ilikuwa ngozi ile tu. Sasa nyumbani namwandalia hivyohivyo, akiinama juu ya beseni.

Embe lina njia yake. Kata mashavu mawili kandokando ya kokwa, chora mistari ya kisu kwa urefu na kwa upana bila kutoboa ganda, kisha sukuma ganda kwa nyuma. Nyama inatoka vimraba vilivyosimama, na mtoto anaving'ata kimoja kimoja. Kokwa ni la mpishi mdogo aliyesaidia kuosha, ale nje, nawe usimgombeze akijipaka.

Nanasi huwasha ulimi, nalo lina sababu: lina kimeng'enya kiitwacho bromelini. Toa macho yote na kigogo cha katikati, suuza vipande kwa maji yenye chumvi kidogo, mpe vichache. Mtoto aliyeungua ulimi leo atalikataa nanasi mwezi mzima.

Parachichi lisilopendwa peke yake likandike kwenye mkate au lipondwe na ndizi. Anayependa baridi, mgandishie. Ponda embe na ndizi au pesheni, mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti, tia kwenye friji la barafu. Zinakuwa barafu kama zile za mtaani, bila rangi na bila sukari. Ubuyu nao ni mzuri, ule mweupe usiotiwa rangi. Koroga kwenye uji, una vitamini C nyingi.

Unganisha tunda na mlo pia. Kwetu kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), makande na maharage haviishi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha hunyonywa vizuri mwilini yakikutana na vitamini C, na chai ya majani hupunguza unyonywaji huo. Kwa hiyo baada ya kiburu weka kipande cha chungwa au pera, chai isubiri. Pera tunaliacha kwa watoto wa mitini na ndege, wakati lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito uleule. Embe na papai huwapa rangi ile ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo huingia vyema kukiwa na mafuta kidogo kwenye mlo, parachichi linatosha. Hilo halichukui nafasi ya matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mpeleke.

Hatua ya sita: Juisi, shule na duka la Mangi

Juisi si tunda. Machungwa matatu ambayo mtoto asingeyamaliza kwa kutafuna anayanywa kwa dakika moja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, sukari yote imepita. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2017 kilishauri mtoto asipewe juisi kabisa kabla ya mwaka mmoja, na wa mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, nayo iwe ya tunda halisi. Juisi za unga na za boksi nyingi ni maji, sukari na rangi. Anywe maji.

Kwa shule, funga tunda lenye koti lake: kisukari, chenza, ndizi mbili kama anagawa. Vikopo vya vipande vinavuja, na embe lililokatwa saa kumi na mbili asubuhi likifika saa nne limeshachoka. Ukilazimika kukata, kamulia ndimu ili visiwe vyeusi. Muulize rafiki yake anapenda nini, umtilie na wake. Mtoto hula haraka zaidi akila na mwenzake.

Usipige marufuku biskuti za duka la Mangi. Kilichokatazwa kabisa ndicho atakachokitafuta kwa jirani. Kwetu Jumamosi baada ya soko ana hela yake, ananunua atakacho, sisemi kitu. Siku nyingine jibu ni moja: "Hiyo ni ya Jumamosi." Wiki mbili za kwanza atalia. Vumilia.

Hatua ya saba: Ongea na bibi, na dada wa nyumbani

Anayekaa na mtoto saa nne asubuhi mara nyingi si wewe. Dada anapopiga simu, "Mama, mtoto hajala, nimpe biskuti?", anaogopa lawama. Mwambie mapema: akikataa tunda si kosa lako, ondoa, mpe chakula saa yake ikifika. Naye ale matunda hayo. Kumwambia amenye embe la mtoto na asilionje si haki, na mtoto anaona.

Bibi ana mkono mzuri kuliko sisi wote, ila ana hofu zake. Mama mkwe wangu, akiwa kule Uru, alikuwa ananyang'anya maembe: "Mtamletea mtoto malaria." Nilimjibu kwa adabu, siku nyingine, tukiwa wawili. Malaria huletwa na mbu. Msimu wa embe huangukia wakati mmoja na mvua, mvua zinaacha madimbwi, mbu wanazaliana, na lawama inaliangukia embe. "Kwa hiyo neti, mama, siyo embe." Alinyamaza, kisha Krismasi, wajukuu wote walipopanda kutoka Dar es Salaam, yeye ndiye aliyekuwa anawamenyea. Chungwa nalo haliongezi mafua. Kinachotokea kweli ni kwamba mtoto akila maembe sita kwa mkupuo tumbo litaharisha, na utomvu wa ganda unaweza kumwasha pembeni mwa mdomo. Mfute kwa maji.

Ikiwa mtoto anakataa karibu kila chakula, uzito haupandi kwenye kadi ya kliniki, au anapaliwa mara kwa mara, usisubiri hatua hizi. Mpeleke akaonwe. Mwenye ugonjwa wa kisukari au wa figo matunda yake apangiwe na daktari.

Hatua ya nane: Panda mmoja

Mtoto anayemwagilia mti hula kilicho juu yake. Mjini Moshi na chini yake kwenye joto, panda mpapai. Kausha mbegu za papai lililomfurahisha, oteshea kwenye kopo, kisha chimba shimo utie samadi iliyooza, upande miche mitatu pamoja. Mitatu, kwa sababu mbegu za sokoni hutoa mipapai dume pia, na hutaijua mpaka itoe maua. Mmea wenye vishada virefu vinavyoning'inia ni dume. Wenye maua yaliyobana shinani mwa majani utazaa. Baki na mmoja unaozaa, ng'oa mingine. Dume mmoja mtaani unatosha kwa majike mengi, na mara nyingi yuko kwa jirani.

Kama mko juu kwenye baridi, mpapai utadumaa. Panda pesheni kwenye uzio, au mche wa parachichi uliobebeshwa.

Mpapai ukitunzwa hutoa papai la kwanza la kuchuma baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Mpime mtoto na mti kila mwezi kwa kamba ileile. Kopo la kumwagilia liwe lake, dogo, analoliweza. Papai likianza kuwa na michirizi ya manjano kitakoni, mnyanyue alizungushe mwenyewe mpaka likatike, mliweke jikoni siku mbili juu ya karatasi, na siku ya kulikata mpe yeye kijiko cha kutoa mbegu.